Mashine Isiyotaka Kubembelezwa

Mama yangu ana saiba hapa Gatitu. Ni chumba kimoja kando ya barabara, kinyozi upande huu, muuza mboga upande ule. Ndani mna kompyuta tano, printa moja inayofanya pia fotokopi, na benchi ambalo asubuhi za Julai hukaliwa na watu waliojifunika mashuka kama wako matangani. Wanakuja kuchapisha CV, kuingia eCitizen, kujaza fomu za HELB, kufaili ritani za KRA siku ya mwisho ya Juni wakati foleni imefika kwa kinyozi.

Mwaka jana, tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kuitunza Windows 10. Mama aliona ujumbe kwenye skrini akaniita. "Hii inasema nini?" Nikamweleza kwamba kompyuta zitaendelea kuwaka kama kawaida, ila mashimo mapya yakigunduliwa hakuna mtu atakayekuja kuyaziba. Kuna mwaka mmoja wa nyongeza, baada ya hapo, kwaheri. Na Windows 11? Hiyo inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda juu na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Za mama ni zile za eksi-UK, kizazi cha nne. Zilitumika kwenye ofisi fulani Uingereza, zikastaafu, zikaja kuanza maisha upya Nyeri.

Fundi mmoja alijitolea kuja na flashi yake aweke Windows 11 kwa njia ya mkato. Nilikataa, na sababu ninayo. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, laptopu yangu iliwekewa Windows ya flashi kama hiyo, pamoja na kile kiprogramu cha kuidanganya kwamba imelipiwa. Kiprogramu kilikuja na mgeni. Asubuhi moja faili zangu zote zilikuwa zimefungwa, majina yake yamegeuka upuzi, na barua katikati ya skrini inadai dola. Hadithi fupi kumi na moja zilienda hivyo. Nimeshawahi kujaribu kuziandika tena, lakini hadithi ya kuandikwa mara ya pili haikubali, si unajua.

Kwa hiyo mama akasema maneno ambayo ndiyo yamenifanya niandike makala hii: "Mimi sitaki mashine ya kubembeleza. Nataka nikiiwasha iwake, nikiizima izime, na katikati isiniongeleshe."

Aliniuliza mimi kwa sababu nilisomea kompyuta miaka miwili na nusu kabla ya kuacha. Nyumbani kwetu habari hiyo haizungumzwi, inazungukwa. Tangu nirudi, lilikuwa swali lake la kwanza kwangu ambalo halikuhusu kama nimekula. Nikafanya kile ninachofanya kila nikipewa swali dogo: nikarudi nyuma miaka hamsini.

*

Februari 1976, Bill Gates, kijana wa miaka 20, aliandika barua ya wazi kwa wapenzi wa kompyuta akiwalaumu kwamba wananakili programu yake ya BASIC bila kulipa. Flashi ya fundi wetu ni jibu la barua hiyo, limechelewa nusu karne. Lakini kuna jibu lingine, na hilo lilianza na karatasi iliyokwama kwenye printa.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa saiba atanielewa. Richard Stallman alikuwa mtaalamu wa programu katika maabara ya MIT, Marekani. Printa yao ya zamani ilikuwa na programu ambayo msimbo wake ulikuwa wazi, naye akaugusa kidogo ili printa ikikwama, wenye kazi zao wapate ujumbe. Ikaja printa mpya ya Xerox, ya leza, nzuri, lakini msimbo wake haukutolewa. Inakwama, na hakuna ruhusa ya kuirekebisha. Hasira hiyo haikumtoka. Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU: mfumo endeshi mzima, yaani ile programu kubwa inayoamka kwanza ukiwasha kompyuta, ambao kila mtu anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuugawa.

Walijenga karibu kila kitu isipokuwa kiini. Kiini kilitoka kwingine: tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kwamba anatengeneza kitu fulani kama burudani. Hadi hapo hadithi inajulikana. Kila mhadhiri wa kompyuta anaisimulia wiki ya kwanza, na mimi wiki ya kwanza nilikuwepo.

Ambalo hawakutuambia ni kwamba kiini peke yake ni kama injini ya matatu iliyowekwa chini kwa gereji. Inanguruma, lakini huwezi kuipanda kwenda Karatina. Lazima mtu akusanye injini, bodi, viti, taa, avifunge pamoja na kuhakikisha havigombani. Mkusanyo huo wenyewe ndio huitwa distro. Mwaka 1992 mmoja wa mapema uliitwa SLS. Ulipendwa haraka, na haraka hiyohiyo ukaanza kuudhi, kwa sababu ulikuwa na kasoro nyingi na hazikurekebishwa.

Mwaka uliofuata vijana wawili wa Kimarekani, kila mmoja kivyake, walichoka nao. Patrick Volkerding akausafisha, akautoa Julai 1993 kwa jina Slackware. Bado anautunza mpaka leo. Toleo la 15.0 lilitoka Februari 2022, miaka karibu sita baada ya lililotangulia, na huwezi kumlaumu. Hata kinyozi jirani yetu huwa anafunga duka akiugua.

Mwingine alikuwa Ian Murdock, miaka 20, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana. Yeye alianza upya. Tarehe 16 Agosti 1993 alitangaza Debian, jina alilolipata kwa kuunganisha la mpenzi wake Debra na lake mwenyewe. Halafu akaandika ilani. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma notisi zangu za mtihani. Malalamiko yake makubwa ni ya kawaida kabisa: kwamba distro nyingi zinaanza vizuri, kisha muda ukipita mwenyewe anapoteza hamu ya kuzitunza, na kutunza ndiko kazi yenyewe.

Cucu wangu ana mibuni upande wa Muruguru. Siku ya kupanda kila mtu yupo, hata wajukuu wa Nairobi, simu juu, picha. Siku ya kupogoa ni yeye na mbwa. Murdock alikuwa anaongea habari za siku ya kupogoa. Na dawa aliyopendekeza ni kwamba shamba lisiwe la mtu mmoja: kila kifurushi kwenye Debian kiwe na mtu wake wa kukitunza, kazi ifanywe hadharani, na watu waweze kuingia na kutoka bila shamba kugeuka msitu.

Yeye mwenyewe alitoka. Aliacha uongozi mwaka 1996. Mwaka 1997 waliobaki waliandika mkataba na watumiaji wao, wakiahidi pamoja na mambo mengine kwamba Debian itabaki huria na kwamba kasoro hazitafichwa. Murdock alifariki Desemba 2015 akiwa na miaka 42. Debian haikusimama hata siku moja. Leo inatunzwa na watengenezaji rasmi wapatao elfu moja, wengi wao kwa kujitolea, na matoleo yake bado yanaitwa kwa majina ya wahusika wa filamu ya vibonzo ya Toy Story, kwa sababu kiongozi aliyemfuata Murdock alikuwa akifanya kazi Pixar. Niliposikia hilo niliwapenda zaidi.

*

Kwenye droo ya chini ya meza ya mama, chini ya risiti za 2012 na stapla iliyokufa, nilipata bahasha ya karatasi ngumu yenye CD ndani. Ubuntu 8.04. Ilikuwa ya mjomba.

Mjomba ndiye aliyeanzisha saiba hii, 2007, kabla hajaenda Qatar. Mama anakumbuka wakati huo intaneti ililipiwa kwa dakika, na ukifungua picha moja unaweza kwenda kununua mandazi urudi. Kupakua mfumo mzima kwa intaneti hiyo ilikuwa ndoto. Lakini Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, aliyetajirika kwa kuuza kampuni yake Thawte mwaka 1999 na ambaye 2002 alikwenda hadi anga za juu, alikuwa ameanzisha kitu kinachoitwa ShipIt. Unajaza fomu, unaletewa CD za Ubuntu bure kwa posta, popote duniani. Mjomba alijaza. Zikaja mpaka sanduku lake la posta, Nyeri 10100, bila senti. Mama anasema alifikiri ni utapeli, akangoja miezi kuona watamdai nini.

Toleo la kwanza la Ubuntu lilitoka Oktoba 2004, likijengwa juu ya Debian. Lilijibu lalamiko la haki. Debian wakati huo ilikuwa mzee wa kanisa: ilitoa toleo Julai 2002, na lililofuata likaja Juni 2005. Ubuntu iliahidi toleo kila miezi sita, na kila miaka miwili moja la kukaa muda mrefu. Jina lenyewe ni neno la Kinguni, ndugu wa damu wa neno letu utu. Kwa kijana wa Nyeri kupokea kitu kama hicho kutoka Afrika, si Redmond, ilikuwa na maana. Mjomba alikiweka kwenye kompyuta zote.

Ilidumu wiki tatu. Wateja waliona skrini ya rangi ya kahawia wakadhani kompyuta imeharibika, wakavuka barabara. Mjomba akarudisha Windows. Utunzaji wa 8.04 kwenye kompyuta za mezani ulikwisha mwaka 2011, na mwaka huohuo ShipIt ikafungwa.

Ningependa kuwaambia kwamba kosa lilikuwa Kiingereza. Mwaka huohuo Ubuntu ilipozaliwa, kulikuwa na watu Dar es Salaam walioliona tatizo hilo. Mradi wa KiLinux, wa Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46, ulitoa Desemba 2004 Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu, bure, yote kwa Kiswahili. Fikiria ukubwa wa kazi hiyo. Maelfu ya maneno ambayo hayakuwa na Kiswahili, watu wameketi wanabishana moja baada ya jingine. Microsoft nayo miaka hiyohiyo ikaja na Windows ya Kiswahili. Kwa muda mfupi lugha yetu ilikuwa inagombewa kama binti wa chifu.

Mimi nilisikia habari za Jambo OpenOffice chuoni, kwenye slaidi moja, sekunde thelathini. Sijawahi kuigusa kwenye kompyuta yoyote. OpenOffice yenyewe ilipata misukosuko: mwaka 2010 Oracle ilinunua Sun, kampuni iliyokuwa nyuma yake, na Septemba mwaka huo wengi wa wajitoleaji wakahama na kuanzisha LibreOffice. Tafsiri haimaliziki siku ya uzinduzi. Kila toleo jipya linakuja na sentensi mpya, na asipopatikana wa kuzitafsiri, Kiingereza kinarudi polepole katikati ya menyu kama magugu. Wale wa Dar walifanya kazi ya kupanda, na walipanda vizuri sana. Sisi wengine hatukuja na mapanga.

Tofauti ndogo ya upande wa huku: OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, iliwekwa kwa mara ya kwanza Eldoret, Februari 2006. Bado ipo, ni baba wa KenyaEMR inayotumika kwenye hospitali zetu. Ilipata wa kuipogoa.

*

Hapo ndipo nilipoanza kulielewa swali la mama. Alitaka mashine isiyosumbua. Lakini mashine ya namna hiyo haipo. Kuna ile ambayo usumbufu wake unabebwa na mtu mwingine, mbali, ambaye hutamjua. Kwa hiyo nikiulizwa mfumo gani ni wa kutegemewa, nauliza nani anausumbukia, wako wangapi, na mmoja akichoka itakuwaje.

Sibahatishi nikisema hivyo. Tarehe 29 Machi 2024, Ijumaa Kuu, sisi tuko kanisani, mhandisi mmoja aitwaye Andres Freund, ambaye kwa kejeli ya maisha ameajiriwa na Microsoft, aliutangazia ulimwengu kwamba ndani ya xz, kiprogramu kidogo cha kubana faili ambacho kiko karibu kila mahali Linux iliko, kulikuwa kumefichwa mlango wa nyuma. Aligundua kwa sababu kuingia kwenye mashine yake, iliyokuwa na toleo la majaribio la Debian, kulichelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Hapa Gatitu tungesema ni mtandao tu.

Aliyeutengeneza mlango huo alijifanya mjitoleaji kwa zaidi ya miaka miwili. Alimsaidia mtunzaji halisi wa xz, mtu mmoja aliyekuwa amechoka na aliyekiri hadharani kwamba hali yake ya akili si nzuri, mpaka akaachiwa funguo. Huku nyuma majina ya ajabu yalikuwa yakimshinikiza mzee wa watu: mbona unachelewa, mbona huachii wengine. Sehemu hiyo ndiyo iliyonikaa. Kitu kinachotumiwa na nusu ya dunia kilikuwa kinategemea mtu mmoja asiyelipwa, na sisi hatukuwahi hata kumsalimia.

Debian thabiti, ile ya watu wa kawaida, haikuguswa. Programu mpya hazikimbilii humo. Zinakaa kwanza kwenye ghorofa ya majaribio miezi mingi, kama mgeni anayeandaliwa chai barazani kabla ya kuonyeshwa vyumba. Ucheleweshaji ule uliomfanya Shuttleworth akose subira ndio uliotukinga siku hiyo.

Nikaanza kukata. Distro za kusasishwa kila siku, zile ambazo vijana wa kompyuta tunapenda kujigamba nazo, nilikuwa nazo kwenye laptopu yangu. Nilizipenda, na asubuhi moja moja zilinikataa nikiwa na dedilaini. Hapana. Slackware: mtu mmoja. Namheshimu, lakini hapana. Ubuntu ina kampuni nyuma yake, na kampuni hubadilisha mawazo. Haijawahi kunikosea, ila mjomba alishazoea kutegemea ukarimu wa kampuni. Linux Mint, iliyoanzishwa 2006 na Mfaransa Clement Lefebvre, ndiyo ningempa rafiki anayetoka Windows leo bila kufikiri mara mbili. Ni ya timu ndogo inayoendeshwa kwa michango, imejengwa juu ya Ubuntu, na wana toleo jingine lililojengwa moja kwa moja juu ya Debian, kusudi siku Ubuntu ikitoweka wasilale nje. Nilipoliona hilo nikacheka. Hata wao wanajua nyumba ya kukimbilia iko wapi.

Nikachagua Debian 13, iliyotoka Agosti 2025. Mandhari yake Xfce, kwa sababu ni nyepesi na kitufe cha menyu kiko pembeni panapoeleweka. Nikang'oa diski za kuzunguka nikaweka SSD, nikawasha masasisho ya usalama yajiendeshe usiku bila kumuuliza mama, nikabadilisha picha ya skrini nikaweka Mlima Kenya ili mtu asidhani imeharibika.

Haikuwa mteremko. Printa ilinifanya nikae sakafuni saa mbili nikitafuta draiva. CV za watu wa Nyeri zote zimeandikwa kwa fonti ya Calibri, na siku ya kwanza CV ya kurasa mbili ikageuka tatu mbele ya mwenyewe, aliyekuwa na intavyuu saa tano. Kuna fonti huria inaitwa Carlito, imetengenezwa kwa vipimo vilevile vya Calibri. Nikaiweka, kurasa zikarudi mbili. Lakini kuna fomu moja ya Excel iliyojaa makro ambayo LibreOffice iliikodolea macho tu. Kwa hiyo kompyuta nne ni Debian, na ya tano, kwenye kona, nimeiacha na Windows kwa ajili ya fomu hiyo. Ndugu zangu wa programu huria watanisema. Waje wahudumie foleni ya Juni.

Wateja je? Mmoja aliuliza hii ni Windows gani. Mama akamjibu, "Mpya." Wengi hawakuuliza. Wanafungua kivinjari, wanaona eCitizen ni ileile, basi.

Mvua za Novemba stima ilipotea mara nne kwa wiki moja. Kila iliporudi mashine ziliwaka, zikakagua diski zenyewe, zikasimama kwenye picha ya mlima zikingoja. Jioni ya mara ya nne, tukifunga, mama aliniuliza hao watu wa Debian wanalipwa na nani. Nikamwambia wengi hawalipwi. Akanyamaza akihesabu pesa za siku. "Na huwa wanakula nini?" Nikamweleza kwamba wana kazi nyingine, hii wanaifanya usiku. Akanitazama vile anavyonitazama nikiandika saa nane usiku kwenye meza ya jikoni, hadithi ambazo pia hazilipi, au zinalipa baada ya miezi mitatu na ukumbusho. Hakusema kitu.

Aliniuliza tu hizi zitatunzwa mpaka lini. Toleo hili, na muda wa nyongeza, mpaka Juni 2030. Kando ya mlango kuna kalenda ya Sacco. Akachukua biro, akaandika 2030 kwenye ukingo wake, chini kidogo ya tarehe ambayo dada yangu anafungua chuo.